Kuchora maumbo kwa bikari na rula tupu: kuanzia pembetatu hadi nyota ya ncha tano

Swali la mtihani likisema "tumia rula na bikari pekee", wanafunzi wengi huona wamenyimwa kipimapembe kwa ukali tu. Ukweli ni kwamba wamepewa njia iliyo sahihi zaidi. Kipimapembe hutegemea jicho: unalinganisha mstari na alama ndogo za digrii, unakadiria, na ukikosea nusu digrii hakuna kitu cha kukuambia. Bikari inachukua umbali mmoja na kuuhamishia mahali pengine bila kujali kama ni sentimita 4 au 4.37. Michoro yote iliyo hapa chini inategemea jambo moja: nukta zote zilizo kwenye duara ziko umbali uleule kutoka kwenye kitovu. Ukilishika hilo hutakariri hatua hata moja, kwa sababu kila tao utajua limepigwa kwa nini.

Kanuni zenyewe ni mbili. Rula ni ya kuunganisha nukta mbili au kurefusha mstari. Alama zake za sentimita hatuzitumii. Bikari ni ya kupiga duara au tao ukiwa na kitovu na umbali. Hivi ndivyo Euclid alivyofanya kazi mjini Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na hivi ndivyo bado tunavyofanya.

Kwanza, iandae bikari

Michoro mingi huharibika kabla haijaanza, na kosa liko kwenye kifaa. Ifungue bikari yako kiasi cha sentimita 5, iweke juu ya meza, kisha ujaribu kuisukuma miguu kwa kidole. Ikicheza kirahisi, kaza skrubu ya juu. Bikari inayolegea katikati ya duara huanza na nusukipenyo kimoja na kumaliza na kingine.

Chonga penseli iwe na ncha kali, kisha ifunge bikari na uangalie ncha ya penseli na ncha ya sindano: zinapaswa kuwa sawasawa. Penseli ikiwa fupi, bikari italala upande na sindano itateleza. Chini ya karatasi weka daftari au gazeti lililokunjwa, sindano ipate mahali pa kuuma. Juu ya meza tupu ya mbao ngumu au kioo, kitovu kitahama kila ukizungusha.

Kuhusu mkono: shika kile kishikio kidogo cha juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha uzungushe ukiinamisha bikari kidogo kuelekea inakokwenda. Usishike miguu. Anayeshika miguu huiminya bila kujua, na umbali hubadilika. Piga duara moja la majaribio. Mwisho wa mstari ukikutana na mwanzo wake bila kuacha ngazi, bikari iko tayari.

Pembetatu sawa

Chora mstari AB. Weka sindano kwenye A, fungua bikari mpaka penseli iguse B, piga tao juu ya mstari. Bila kubadilisha ufunguzi, hamishia sindano kwenye B na upige tao la pili likate la kwanza. Mahali yanapokatana paite C. Unganisha AC na BC.

Kwa nini pande zote ni sawa? C iko kwenye duara la A, basi AC ni sawa na AB. C iko pia kwenye duara la B, basi BC ni sawa na AB. Euclid aliliweka umbo hili la kwanza kabisa katika kazi yake, nami naona alichagua vizuri, kwa sababu humo ndani mna pembe ya digrii 60, na kwa 60 tunapata nyingine nyingi.

Kugawa mstari katikati na kupata pembe mraba

Rudi kwenye matao yale mawili, lakini safari hii yapige yashuke hadi chini ya mstari AB. Yatakatana mara mbili: C juu, D chini. Unganisha C na D. Mstari huo unapita katikati kabisa ya AB na unasimama juu yake kwa digrii 90.

Si lazima ufunguzi uwe sawa na AB. Inatosha uzidi nusu ya AB. Hapa vitabu vingi hunyamaza, ilhali pana jambo kubwa la vitendo. Ukifungua bikari kidogo tu kuzidi nusu, matao yatakutana kwa kulaliana, yakiwa karibu sambamba, na huwezi kuona nukta halisi ya makutano ni ipi. Unaona kajidoa karefu. Ukifungua kiasi cha robo tatu ya AB, matao hukatana karibu kwa pembe mraba na nukta inakuwa wazi. Kanuni hii itumie katika michoro yote: tafuta makutano yaliyosimama, epuka yaliyolala.

Kuna hali tatu za pembe mraba utakazokutana nazo.

Ya kwanza, nukta P iko juu ya mstari na unataka kusimamisha mstari hapo. Weka sindano kwenye P, kata mstari kushoto na kulia kwa ufunguzi uleule. Sasa una kipande ambacho P ni katikati yake. Fungua bikari zaidi, piga matao mawili kutoka kwenye ncha hizo, unganisha makutano na P.

Ya pili, P iko nje ya mstari. Kutoka P piga tao linalokata mstari mahali pawili, kisha kutoka sehemu hizo mbili piga matao yanayokutana upande wa pili wa mstari. Unganisha na P.

Ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote: P iko mwisho kabisa wa mstari, ukingoni mwa karatasi au ubao, na huna nafasi ya kuurefusha. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 10 aliyeandika kwa ajili ya mafundi, aliifanya kwa ufunguzi mmoja tu wa bikari. Kutoka P piga tao likate mstari kwenye Q. Kutoka Q, kwa ufunguzi uleule, kata tao hilo kwenye R. Chora mstari kutoka Q kupitia R na uurefushe. Weka sindano kwenye R, kwa ufunguzi uleule ukate urefusho huo kwenye S. Unganisha S na P: hiyo ni digrii 90. Sababu yake ni kwamba RQ, RP na RS ni sawa, kwa hiyo Q, P na S ziko kwenye duara moja ambalo kitovu chake ni R na kipenyo chake ni QS. Na pembe yoyote iliyo kwenye duara ikitazama kipenyo ni pembe mraba.

Kugawa pembe nusu

Sindano kwenye kona ya pembe, piga tao likate mikono yote miwili. Kutoka kwenye nukta hizo mbili, piga matao mawili ya ufunguzi mmoja yakutane mbele. Unganisha makutano na kona.

Sasa hesabu ulichonacho. Nusu ya 60 ni 30, nusu ya 30 ni 15. Nusu ya 90 ni 45, na nusu ya 45 ni 22.5. Ukitaka 75, chora 60 na 90 kwenye kona moja, kisha gawa nusu nafasi iliyo kati yao. 105 ni 90 na 15. 120 ni 60 mara mbili juu ya tao lilelile. 135 ni 90 na 45. Pembe zinazoulizwa mara nyingi katika karatasi za mtihani hutoka humu. Na usifute matao! Msahihishaji anayatafuta hayo hasa, maana ndiyo ushahidi kwamba hukutumia kipimapembe.

Mraba

Chora AB. Simamisha pembe mraba kwenye A. Fungua bikari kwa urefu wa AB, kata mstari uliosimama kwenye D. Kwa ufunguzi huohuo, piga tao kutoka B na jingine kutoka D. Yanakutana kwenye C. Unganisha.

Kisha upime usahihi wake. Weka sindano kwenye A, fungua hadi C, halafu bila kubadilisha chochote hamia B na uangalie kama penseli inaangukia D. Mishazari ikiwa sawa na pande zikiwa sawa, umbo ni mraba. Pande zikiwa sawa na mishazari ikitofautiana, pembe yako ya A haikuwa mraba, na hakuna haja ya kuhangaika na sehemu nyingine.

Pembesita na ua la milango

Piga duara. Bila kugusa ufunguzi, anza popote kwenye mzingo na upige alama kwa umbali wa nusukipenyo, moja baada ya nyingine. Alama ya sita itarudi ulikoanzia. Unganisha alama: pembesita sawa. Inafunga kwa sababu kila upande pamoja na nusukipenyo viwili hufanya pembetatu sawa, na sita zenye digrii 60 hujaza 360.

Lakini ukitembea hivyo, kosa dogo la kila hatua linabebwa hadi hatua inayofuata. Mimi napendelea njia nyingine. Chora kipenyo AD. Kutoka A, kwa nusukipenyo kilekile, piga tao linalopita kitovuni na kukata duara pande mbili. Fanya vivyo hivyo kutoka D. Nukta sita zinapatikana, na hakuna hata moja iliyopigwa kutoka kwenye nukta yenye shaka.

Ukiyafanya matao hayo sita yote, moja kutoka kila kona, yakipita kitovuni na kuishia kwenye mzingo, ndani ya duara linachanua ua la petali sita. Maua ya aina hii, yaliyochorwa ndani ya duara, ni sehemu ya nakshi za milango ya mbao ya mwambao wetu, na ukisimama mbele ya mlango wa zamani Zanzibar au Lamu, yatafute kwenye mfaa, ule mti wa katikati. Jambo la kupendeza ni kwamba ua zima hutoka kwa ufunguzi mmoja wa bikari, na ndiyo maana linaweza kurudiwa mara kumi kwenye ubao mmoja na yote yakafanana.

Ukiunganisha kona za pembesita kwa kuruka moja moja, unapata pembetatu sawa mbili zilizopandana, yaani nyota ya ncha sita. Nyota tatu za bendera ya Burundi ni za aina hiyo.

Pembenane kutoka kwenye mraba

Fundi seremala mwenye nguzo ya mraba anayetaka kuigeuza iwe ya pande nane anahitaji hii. Chora mraba na mishazari yake miwili. Weka sindano kwenye kona moja, fungua mpaka kitovu ambapo mishazari inakutana, kisha kata pande mbili zinazoanzia kona hiyo. Rudia kwa kona nyingine tatu. Sasa kuna nukta nane, mbili kila upande. Unganisha zile zilizo jirani na kila kona. Pembe nne zinakatwa na zinabaki pande nane zilizo sawa.

Namba zinakubaliana: upande wa mraba ukiwa 100, kila kona inakatwa 29.3 kila upande, kinachobaki katikati ni 41.4, na mstari wa kukata kona nao ni 41.4.

Pembetano, na nyota ya ncha tano

Hapa kazi inaongezeka, na hapa ndipo ncha kali ya penseli inalipa. Fuata polepole:

1. Piga duara kubwa, nusukipenyo kisipungue sentimita 5. Kitovu ni O.
2. Chora kipenyo AB. Simamisha pembe mraba kwenye O ili upate nukta C juu kabisa ya duara.
3. Gawa OB katikati kwa matao. Katikati yake ni M.
4. Weka sindano kwenye M, fungua hadi C. Zungusha tao lishuke likate OA. Paite N.
5. Weka sindano kwenye C, fungua hadi N. Umbali huu CN ndio upande wa pembetano.
6. Kwa ufunguzi huo, anzia C uzunguke mzingo. Piga alama mbili kushoto na mbili kulia badala ya kuzunguka upande mmoja, ili kosa ligawanyike. Mwisho, pima umbali kati ya alama mbili za chini: unapaswa kuwa CN pia.

Hatua ya 4 ndiyo moyo wa mchoro. Nusukipenyo kikiwa 1, OM ni nusu, na MC, kwa kanuni ya Pythagoras, ni nusu ya kipeuo cha pili cha 5, yaani 1.118. Ukiondoa OM inabaki ON, 0.618. Na CN inatoka 1.176, ambao ndio urefu kamili wa upande wa pembetano iliyo ndani ya duara hilo. Kuna na zawadi: ON yenyewe ni upande wa umbo la pande kumi katika duara lilelile. Kwa hiyo mchoro mmoja umekupa maumbo mawili.

Unganisha kona za pembetano kwa kuruka moja moja, bila kuinua penseli, nayo nyota ya ncha tano inatokea. Ndiyo iliyo kwenye bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na zile nne za Komoro, na ile moja ya Somalia. Mwalimu akitaka darasa zima lipende pembetano, awape bendera.

Mahali bikari inapokomea

Baada ya pande tatu, nne, tano, sita na nane, mwanafunzi makini atauliza kuhusu saba. Haiwezekani. Simaanishi kwamba ni ngumu: imethibitishwa kwamba hakuna mfululizo wowote wa matao na mistari utakaoifikia pembesaba sawa kamili. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18 huko Ujerumani, aligundua kwamba umbo la pande 17 linawezekana, jambo ambalo hakuna aliyelijua kwa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba si kila pembe inaweza kugawanywa mara tatu sawa kwa vifaa hivi. Pembe ya 90 inagawika tatu, kwa sababu 30 tunayo. Ya 60 haigawiki. Kwa hiyo ukiona video inayodai "siri ya kugawa pembe mara tatu kwa bikari", jua kwamba ni makadirio.

Makadirio yenyewe si haramu, mradi ujue ukubwa wa kosa. Kwa pande saba, chora pembetatu sawa ndani ya duara, chukua nusu ya upande wake, tembea nayo kwenye mzingo. Ni fupi kwa kiasi cha asilimia 0.2. Kwenye daftari hutaona tofauti. Kwenye meza ya duara yenye nusukipenyo cha sentimita 50, mwisho wa mzunguko utabaki na pengo la karibu milimita 7, na hilo fundi ataliona.

Kutafuta kitovu kilichopotea

Kwa mafundi, jambo hili peke yake linatosha kununua bikari. Una ubao uliokwisha katwa duara, au sinia, na unahitaji kitovu. Chora mistari miwili yoyote inayounganisha nukta mbili mbili za ukingo, isiwe sambamba. Gawa kila mmoja katikati kwa matao na urefushe migao hiyo miwili. Inapokatana ndipo kitovu. Mistari ikiwa karibu kusimama kwa pembe mraba, jibu huwa safi zaidi.

Kutoka karatasini hadi uwanjani

Bikari ya uwanjani ni kamba na vigingi viwili. Tuchukue uwanja wa mpira wa miguu. Usitumie kamba ya nailoni, inavutika. Tumia waya mwembamba au futi ya mkanda. Kwenye kigingi cha kitovu funga kitanzi kilicholegea kinachozunguka kirahisi, kwa sababu kamba ikijiviringisha kwenye kigingi nusukipenyo kinapungua kila hatua na duara linageuka konokono.

Anza na mstari wa goli. Pata katikati yake, kisha weka vigingi mita 6 kushoto na mita 6 kulia. Kutoka kila kigingi, watu wawili wavute kamba za mita 10 kuelekea ndani ya uwanja. Zinapokutana zikiwa zimekazwa, hapo ni mita 8 mbele ya katikati ya goli, na mstari wa kwenda hapo uko mraba na mstari wa goli. Ndio mchoro uleule wa kugawa AB, na ndiyo kanuni ya 3, 4, 5 ambayo mafundi ujenzi hutumia kupiga msingi, ikiwa imeongezwa mara mbili.

Kwenye mstari huo pima mita 11: nukta ya penalti. Kutoka hapo zungusha kamba ya mita 9.15, lakini mwaga chokaa sehemu iliyo nje ya boksi la mita 16.5 tu, hilo ndilo tao la mbele ya boksi. Duara la katikati nalo ni mita 9.15, na kitovu chake kipate kwa kuvuta kamba kutoka kona hadi kona. Kabla ya kumwaga chokaa hata chembe, pima kamba hizo mbili za kona. Zikitofautiana, rudisha kona moja mahali pake kwanza, kwa maana chokaa ikishalowa umande haifutiki kwa mguu.